Swali Libaki Kolwezi, Mafunzo Yaende Popote

*Jambo Mama,*

*Mimi ni daktari wa miaka 31. Nilisomea Lubumbashi, na sasa nafanya kazi katika kituo cha afya hapa Kolwezi, komini ya Manika. Kila wiki naona watoto wenye kifafa, watoto waliochelewa kusema, na wanaume waliotoka mashimoni wakilalamika kwamba mikono inakufa ganzi au inatetemeka. Naandika dawa, wanaondoka, wanarudi vilevile. Nimeanza kujiuliza kama vumbi la madini linafika hadi kwenye ubongo. Nimewauliza wakubwa zangu, hakuna anayejua. Ndiyo maana nataka kusoma sayansi ya ubongo hadi doctorat.*

*Tatizo ni njia. Kampuni moja ya madini inanipa kazi kwenye kliniki yake, na mshahara ni mara tatu ya ninaopata leo. Kaka yangu aliye Ubelgiji amenipatia maabara inayochunguza kumbukumbu kwa kutumia panya; prof wa huko amesema nikija na bourse yangu atanipokea. Tena kuna shule ya mtandaoni inayodai dola 1,500 kwa diploma ya miezi sita. Mama yangu anategemea mshahara wangu, na wadogo zangu wawili bado wako shuleni. Wenzangu wananiambia kwamba bila MRI na bila maabara hakuna anayeweza kuchunguza ubongo, kwa hiyo niondoke kabisa au nisahau. Je, nimechelewa? Nianzie wapi?*

*Ni mimi, Dokta wa Manika*

Mwanangu Dokta,

Hujachelewa. Katika vyuo vyetu mtu anaanza asistanti, anakuwa chef de travaux, na wengi wanatetea tasnifu wakiwa wamepita miaka 40. Kwa miaka 31, ukiwa umeshagusa wagonjwa kwa mikono yako, unaingia na kitu ambacho kijana wa miaka 23 hana: unajua unachokitafuta.

Hapo ndipo lilipo neno langu kubwa. Wenzako wanakutaka uchague mahali, kaka yako anakutafutia maabara, na shule ya mtandaoni inakuuzia cheti. Mimi nakuomba utangulize swali, kisha kila kitu kingine kipimwe kwa swali hilo. Na swali unalo: je, madini tunayoyavuta na kuyala hapa Kolwezi yanagusa ubongo wa watoto wetu na mishipa ya fahamu ya wachimbaji wetu? Hilo ni swali la doctorat kamili, na mahali pa kulijibia ni hapa.

Tuangalie kwanza kinachojulikana. Unakumbuka jinsi mtaa wa Kasulo ulivyogeuka machimbo baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walipima damu na mkojo wa wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, wakawalinganisha na wakazi 25 wa mtaa mwingine. Matokeo yalitoka mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, na kulikuwa na dalili kwamba chembe zao za urithi zimeguswa. Mwaka 2020, katika The Lancet Planetary Health, timu kutoka Lubumbashi na Leuven ikaonyesha kwamba akina baba wanaofanya kazi zinazohusiana na madini wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata watoto wenye kasoro za kuzaliwa. Lakini uchunguzi wa Kasulo haukupima ubongo. Ulithibitisha kwamba madini yameingia mwilini. Yanafanya nini kichwani mwa mtoto anayejifunza kusoma, hilo lilibaki wazi.

Na shaka yako ina msingi. Daktari John Couper wa Glasgow aliandika tangu mwaka 1837 juu ya vibarua waliosaga madini ya manganizi wakaishiwa nguvu za miguu na kuanza kutembea kwa taabu. Mwaka 1955, Rodier alieleza hali ya namna hiyo kwa wachimbaji wa manganizi wa Morocco. Nasi manganizi tunayo Kisenge, ndani ya jimbo letu la Lualaba. Risasi inajulikana dunia nzima kwamba inapunguza akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo, na majirani zetu wa Kabwe, Zambia, bado wanaishi na udongo ulioachwa na mgodi uliofungwa mwaka 1994. Kuhusu kobalti, madaktari wameona watu wazima waliowekewa nyonga za bandia za chuma, chuma kikalika na kobalti ikajaa kwenye damu, wakapoteza usikivu, wakaona vibaya, na mishipa ya fahamu ikadhoofika. Ila usirukie hitimisho: nyonga iliyolika ndani ya mzee ni jambo tofauti na vumbi analovuta mtoto nyumbani. Pengo lililopo kati ya hayo mawili ndiyo kazi yako.

Sasa hilo la MRI. Wanaokuambia kwamba bila mashine hakuna sayansi ya ubongo hawajasoma habari za Kahemba, huko Kwango. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo: mtoto au mama aliyelala mzima anaamka miguu imekaza, na haitapona tena. Chanzo chake ni sianidi ya mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, hasa pale chakula kinapokuwa mihogo mitupu bila protini. Mkongomani mwenzetu Désiré Tshala-Katumbay, daktari wa mishipa ya fahamu aliyesomea Kinshasa na kufanya utafiti Oregon, Marekani, huku akishirikiana na INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, alikwenda Kahemba pamoja na Michael Boivin wa Michigan State. Walipima mkojo kujua kiasi cha sianidi kilichopita mwilini. Waliwapa watoto majaribio ya kukumbuka, kupanga vitu na kutumia mikono. Mwaka 2013 wakatangaza jambo zito: hata watoto wa maeneo ya konzo wanaotembea vizuri, ambao kila mtu aliwaona wazima, walikuwa na matokeo ya chini kuliko watoto wa eneo lisilo na konzo. Majaribio ya mezani, chupa za mkojo, wapimaji waliofunzwa vizuri na kundi la kulinganisha lililochaguliwa kwa akili vilitosha kuonyesha dhara ambalo jicho halikuliona. Badilisha sianidi uweke kobalti, na mbele yako pana mpango wa tasnifu.

Upande wa Waswahili wa pwani kuna mfano mwingine. Kilifi, Kenya, watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi kifafa na athari za malaria ya ubongo kwa watoto. Hapo Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya mtoto mdogo kinachotumia vitu anavyovijua nyumbani, na mwaka 2008 kikachapishwa kwa jina la Kilifi. Kisome kwa makini, kisha ujue kwamba huwezi kukibeba hadi Kolwezi bila kukirekebisha. Kiswahili cha Kolwezi si cha Kilifi, na watoto wetu wengi wanacheza kwa Kiswahili lakini wanahesabu kwa Kifaransa. Ukimpa mtoto wa Kanina jaribio la kurudia namba kwa Kiswahili sanifu, utakuwa umepima shule aliyosoma ukidhani umepima kumbukumbu yake. Kurekebisha kipimo, kukijaribu kwa watoto wazima na kuonyesha kwamba wapimaji wawili wanapata jibu moja, hiyo peke yake ni memwari nzuri ya master.

Kwa hiyo unahitaji kufundishwa mambo matatu. La kwanza ni ubongo wenyewe na namna ya kuupima: anatomia, fiziolojia, majaribio ya akili na mwendo, EEG, na upimaji wa kasi ya mishipa ya fahamu. La pili ni sumu za madini: zinaingiaje, zinakaa wapi, na mkojo unasema nini ambacho damu haisemi. La tatu, ambalo madaktari wengi hulikimbia, ni epidemiolojia na takwimu. Usilikimbie, kwa maana ndilo litakalokuokoa. Wewe kituoni unawaona wanaougua. Wale waliovuta vumbi lilelile wakabaki wazima hawaji kwako. Tena mtoto wa machimbo amewahi kuugua malaria kali, huenda alichelewa kulia alipozaliwa, ana upungufu wa damu, anakula bukari bila mboga ya kutosha, na amekosa shule mwaka mzima. Kila moja kati ya hayo linaweza kuchelewesha maneno yake. Mtafiti asiyejua kuyatenganisha atasingizia kobalti makosa ya malaria, na siku moja mwanasheria wa kampuni atamwaibisha mbele ya watu.

Haya, njia. Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo barua yako imevichanganya: kuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na kuwa mtafiti wa ubongo. Ubingwa unakufundisha kutibu. Doctorat inakufundisha kuuliza na kuthibitisha. Ukitaka ubingwa, Kinshasa kuna CNPP, kituo cha chuo kikuu cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu. Dakar na Rabat wanawafundisha Waafrika wanaosoma kwa Kifaransa na wanatambuliwa na shirikisho la dunia la nyurolojia. Na Lusaka, ambako unafika kwa barabara kupitia Kasumbalesa, walianzisha mafunzo ya ubingwa huo mwaka 2018, kwa Kiingereza. Ukitaka utafiti, na barua yako inaniambia ndiyo unachotaka, mlango wako wa kwanza uko kilomita 300 hivi kutoka hapo ulipo: Lubumbashi, kwenye shule ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na kitengo chake cha toksikolojia na mazingira. Wale waliopima Kasulo wametoka huko. Wanajua barabara, wanajua machifu wa mitaa, wanajua namna sampuli inavyofika maabara bila kuharibika. Uliza pia mapema diploma yako ya mfumo wa zamani inahesabiwa vipi katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, usije ukapoteza mwaka kwa karatasi.

Ubelgiji nayo usiitupe. Kuna namna ya doctorat yenye mapromota, yaani wasimamizi wa tasnifu, wawili, mmoja hapa na mmoja huko: unakusanya data nyumbani, unakwenda miezi kadhaa kujifunza mbinu na kuchambua, unarudi. Mashirika kama VLIR-UOS ya Flanders na ARES ya upande wa Kifaransa yamesaidia masomo ya Wakongomani kwa miaka mingi. Masharti yanabadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wenyewe. Njia hiyo inakufaa kuliko kuhama moja kwa moja, kwa sababu swali lako lina watu, na watu hao hawahami nawe.

Kuhusu maabara ya panya, nitakuambia wazi. Prof anayesema "njoo na bourse yako" amekuwa mwungwana, lakini hajakupa nafasi. Usiache kazi wala usiuze kiwanja kwa ajili ya maneno hayo. Panya wenyewe ni walimu wazuri: ukimpa panya kobalti kwa kipimo unachokijua, utaona ndani ya seli yale ambayo kwa mtoto huwezi kuyaona kamwe. Basi mwandikie tena, umuulize kama anaweza kukubali sehemu ya kazi iwe juu ya madini, na kama yuko tayari kushirikiana na promota wa Lubumbashi. Akikubali, umepata mshirika wa kweli. Akikataa, mshukuru na uendelee. Miaka minne ya kumbukumbu za panya itakupa cheti kizuri na kukurudisha Manika na swali lilelile mkononi.

Shule ya dola 1,500, usiilipe hata faranga. Fedha hiyo ni karo ya wadogo zako. Shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, lililoanzishwa mwaka 1961, lina mafunzo mafupi kwa vijana wa Afrika. Chama cha wanasayansi wa ubongo wa Afrika, SONA, kilizaliwa Nairobi mwaka 1993 na mikutano yake inawakutanisha wanafunzi na maprofesa. Na TReND in Africa imefundisha Waafrika wengi kutumia vifaa vya bei ndogo na inzi wa matunda badala ya mashine za mamilioni. Huko watu wanachaguliwa kwa maombi mazuri. Maombi mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza cha kusoma na kuandika kiingie kwenye mpango wako kuanzia leo.

Sasa kampuni. Sitakuambia udharau mshahara mara tatu wakati mama anakutegemea. Lakini elewa unachouza. Rekodi za wagonjwa zitakuwa za kampuni, mkataba unaweza kukukataza kutangaza chochote, na siku utakapoandika kwamba madini yanaumiza, au hayaumizi, watu watauliza nani alikuwa anakulipa. Kama nyumba inaweza kuvumilia, baki kituoni mwaka mmoja zaidi. Kama haiwezi, ipokee kazi hiyo ukiwa umejiwekea tarehe ya kutoka, usisaini chochote kinachokufunga baada ya kuondoka, na miaka ya kampuni iwe miaka ya kusoma takwimu na kuweka akiba. Data ya tasnifu yako usiikusanye humo.

Promota mchague kwa uangalifu kuliko chuo. Soma makala zake tatu kabla ya kumwandikia. Barua iwe ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, umeona nini, swali lako ni lipi, na unamwomba nini hasa. Kisha watafute waliofanya tasnifu chini yake, uwaulize anasoma sura baada ya muda gani na majina yanapangwaje kwenye makala. Kabla sampuli hazijapanda ndege, iandikwe nani anazimiliki, zitatumika kwa nini, na nakala ya data inabaki wapi. Huko si kukosa adabu. Mshirika mwema atafurahi umeuliza.

Na kuna watu wa Kasulo wenyewe. Wameshapokea watu wengi wenye kamera na fomu, na wengi wao hawakurudi. Usimtoe mtoto hata tone la damu kabla ya kamati ya maadili kukupa ruhusa, na kabla wewe mwenyewe hujajua utamwambia nini mama ambaye mkojo wa mwanawe umejaa kobalti. Dawa rahisi ya kumpa hutakuwa nayo. Unaweza kuwa na ushauri wa kuosha mikono na vyombo, wa kutoingiza madini na nguo za shimoni ndani ya nyumba, na ahadi ya kurudi kumpima tena. Uandike mpango huo kwanza. Huko Kwango utafiti wa konzo uliwafikia akina mama hadi jikoni: walifundishwa kulowesha unga wa mihogo na kuuanika juani kama saa mbili ili sianidi itoke. Utafiti wako nao uwe na mahali pa kufikia.

Wakati huo wote wagonjwa wako wasisubiri tasnifu. Watoto wengi wenye kifafa wanatulia kwa phenobarbital, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ikitolewa kila siku bila kukatika. Mama mmoja aliyeelewa kwamba dawa haikatwi mwanae anapopata nafuu ni ushindi wa kweli, na hauhitaji doctorat.

Fanya hivi. Mwezi huu, boresha daftari lako la wagonjwa: umri, siku ya kifafa cha kwanza, homa, jinsi alivyozaliwa, mtaa, kazi ya wazazi, chanzo cha maji, kama nyumbani madini yanaoshwa au kuhifadhiwa. Ni kwa ajili ya matibabu; kuyageuza kuwa utafiti kunangoja ruhusa. Ndani ya miezi mitatu, nenda Lubumbashi siku mbili ukiwa na ukurasa wako mmoja, uonane na watu wa shule ya afya ya jamii ana kwa ana. Kabla ya mwaka kwisha, uwe umeanza kozi moja ya takwimu, umeomba shule moja ya IBRO, na umezungumza na mama na wadogo zako juu ya fedha, kwa tarakimu, ili wajue wanachokubali.

Kobalti ya Kolwezi inawasha simu na magari ya dunia nzima, na dunia imeshaipima kwa tani na kwa dola. Kuipima kwa mtoto anayejifunza kusoma ni kazi inayohitaji daktari anayejua lugha ya mama yake, mtaa wake na historia yake. Wewe unazijua zote tatu. Kajifunze yaliyobaki, kisha uniandikie ukishampata promota.